Mwalimu Aliyevalisha Hesabu Makoti

Mwalimu Anyosisye Mwakajila anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya kukitumikia chuo chetu cha ufundi hapa Tukuyu kwa miaka thelathini na mmoja. Mkuu wa Chuo, Mama Esnath, amenipa mimi Venance wa Idara ya Umeme kazi ya kuandika wasifu wake, kwa kuwa tumekaa naye ofisi moja muda mrefu. Aliniomba niandike kwa heshima. Heshima ipo. Mahali ambapo haionekani, msomaji aamini kwamba imo ndani na inangoja kutolewa.

Mwalimu alizaliwa Lufingo, akafika chuoni akiwa kijana wa kufundisha hesabu, na kwa ushahidi wa picha iliyopo ukumbini, alifika akiwa amevaa koti la kahawia. Koti hilo tunalifahamu wote. Amelivaa kiangazi na masika, ndani na nje. Siku tulipokwenda kumzika baba mkwe wa dereva wetu kule Kyela, ambako watu walikuwa wanajipepea kwa vifuniko vya ndoo, yeye alikaa nalo na vifungo vyote vimefungwa. Wafiwa walimwonea huruma zaidi kuliko marehemu.

Kompyuta zilipoletwa chuoni, Mwalimu alipelekwa Mbeya kwenye mafunzo ya lugha ya kompyuta iitwayo C. Alirudi na cheti na somo moja moyoni. Mengine aliyofundishwa sijui aliyaacha wapi. Somo hilo ni lile la kubadilisha namna ya kuandika hesabu kwa kutumia staki, na ukweli usemwe, alilipenda kama mtu anavyompenda mtoto wa uzeeni. Mada nyingine za muhula alizipitia kwa haraka kama anayekimbia mvua. Akifika kwenye staki, anavuta kiti anakaa.

Kwa faida ya wenzetu wa ushonaji na jikoni, nieleze kidogo. Sisi tumezoea kuandika A + B * C, alama zikiwa katikati. Kompyuta hupata kazi nyepesi zaidi alama zikija nyuma, yaani A B C * +. Ili kutoka huku kwenda kule, herufi unaziachia zipite, ila alama unazipanga kwenye staki, ambayo ni mrundo kama wa sahani: inayowekwa mwisho hutoka kwanza, na iliyowekwa kwanza hukaa chini kungoja wenzake waondoke. Kuzidisha kuna nguvu kuliko kujumlisha, kwa hiyo huchukuliwa mapema. Hayo ndiyo yote, na Mwalimu aliweza kuyafundisha hadi Pasaka.

Sahani alizofundishia zilikuwa za kantini. Alizibeba hadi darasani, akaziandika kwa chaki, moja ya kujumlisha, moja ya kugawanya, kisha akazirudisha hivyo hivyo, na watu wakala ugali juu ya alama ya kugawanya. Dada Tusekile wa kantini alivumilia mpaka uvumilivu ukamwisha, akamfuata mlangoni mwa darasa na kumwambia mbele ya wanafunzi, "Baba, sahani zangu si ubao. Nikija kukusongea ugali kwenye kompyuta yako utafurahi?" Mwalimu alimshukuru kwa mchango wake kwenye somo, na kesho yake akachukua bakuli.

Lazima pia nimpongeze kwa kuishi kile alichofundisha, jambo ambalo walimu wengi linatushinda. Kwenye foleni ya chai alifika wa mwisho na kuchota wa kwanza, kwa kuwa ndivyo staki inavyotaka. Kwenye vikao alichelewa, akaomba hoja yake isikilizwe kabla ya zetu, kwa sababu ile ile. Mtu alipolalamika, alichorewa sahani.

Sasa nifike kwenye programu yake, maana huwezi kumuaga Mwalimu Anyosisye ukaiacha. Aliiandika mwenyewe, akaibandika ukutani maabara, na kila mwanafunzi aliikariri kama Baba Yetu. Ilikuwa na kasoro moja. Hesabu ikifika mwisho, alama zilizokuwa bado kwenye staki hazikutolewa. Programu ilisimama, ikachapisha herufi, na alama zikabaki ndani. Ukiipa A + B, inakupa A B, na inakuangalia kana kwamba imemaliza kazi.

Mtu mwingine angeongeza mstari mmoja wa kumwaga kilichobaki. Mwalimu wetu alikuja na koti. Aligundua kwamba ukiizungushia hesabu yote mabano, bano la kufunga hulazimisha kila kitu kitoke hadi bano la kufungua, na staki inabaki tupu. Basi akatunga sheria: hesabu isiyo na mabano ya nje haijavaa. Aliwaambia wanafunzi kwamba hapa ni Tukuyu, hakuna mtu mwenye akili anayetoka nyumbani bila koti, na hesabu nayo ni hivyo hivyo. Wanafunzi wa miinuko hii, waliolelewa na ukungu na mvua ya kila jioni, waliona ni jambo la busara kabisa. Sijui kama kuna chuo kingine duniani ambapo kosa la kompyuta limefichwa na hali ya hewa.

Miaka mitatu iliyopita alikuja Dada Doreen, kijana kutoka Kyela, kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Alipewa masomo ya kompyuta za ofisi, akakaa meza iliyo jirani na mlango panapopita baridi. Aliisoma programu ya ukutani wakati anangoja mvua ipungue, akaona tatizo kabla mvua haijapungua. Alimwendea Mwalimu kwa adabu, akampa shikamoo yake, akamweleza kwamba mwisho pale pamepungua mstari. Mwalimu alimsikiliza akiwa amefunga vifungo. "Mwanangu," alimwambia, "huko Kyela mnatembea vifua wazi. Huku tunavaa." Ofisi nzima ilicheka, na jambo likaishia hapo.

Halikuishia hapo kwa Jenifer. Huyu ni binti wa Mpuguso, mwanafunzi wa mwaka wa pili, ambaye kiwanda kimoja cha chai kilikuwa kimemwahidi nafasi ya kazi akipata cheti. Alimwuliza Doreen, akaelezwa, na kwenye jaribio la darasani akauandika ule mstari wa kumwaga kilichobaki. Mwalimu aliukata kwa kalamu nyekundu, akapunguza alama, akaandika pembeni kwamba hayo ni mapambo. Jenifer ana akili. Hakuuandika tena.

Mwezi Machi bodi iliagiza Idara ya Kompyuta ibaki na mwalimu mmoja. Ninyi mtadhani jibu lilikuwa rahisi, maana mmoja wa hao wawili alikuwa anastaafu Juni. Mwalimu hakuliona hivyo. Alikuwa ameshaomba kuongezewa muda kwa mkataba, na akiwa mkuu wa idara alikuja kikaoni (amechelewa, akasikilizwa kwanza) na kuchora mrundo wa sahani. Ya chini kabisa akaandika jina lake. Ya juu akaandika la Doreen. Akatueleza kwa upole, kama anayefundisha, kwamba aliyeingia mwisho ndiye anayetoka kwanza, kwamba yeye hana chuki na binti huyu, na kwamba sahani ya chini haiwezi kuondoka wakati nyingine zimeikalia. Doreen alikuwa amekaa pale pale, anatazama jina lake kwenye sahani. Niliudhika siku ile na bado naudhika. Unaweza kumpenda mtu na koti lake, lakini si kila kitu cha kuchekea.

Mama Esnath, ambaye kabla ya ukuu alifundisha ushonaji na hadi leo hukutazama kama anakupima mabega, alisema ataamua baada ya mtihani wa vitendo wa mwezi Mei.

Mtihani ukaja, na mtahini wa nje naye akaja, mtu mpole mwenye miwani. Aliandika ubaoni A - B * C, wazi, bila bano hata moja, akawaomba wanafunzi waandike programu ya kuigeuza. Wanafunzi waliandika ile ya ukutani, wote, Jenifer akiwemo. Kompyuta zote za maabara zikajibu kwa sauti moja: A B C.

Mtahini alizunguka meza hadi meza. Mwishowe akauliza alama ya kutoa na ya kuzidisha zimekwenda wapi. Hapo ndipo Mwalimu Anyosisye, aliyekuwa amesimama dirishani, alipotoa ile kauli ambayo wanafunzi watawasimulia wajukuu. "Mheshimiwa mtahini, hesabu yako imekuja uchi. Alama zimo ndani, zinangoja koti."

Mtahini alitazama koti la Mwalimu, akatazama ubao, akavua miwani akaifuta. Mama Esnath ndiye aliyeuliza swali. "Mwalimu, mimi nimeshona makoti maisha yangu yote. Mteja akija bila koti, ndiyo nimwambie hana mikono?"

Darasa zima lilifeli sehemu hiyo, na wote watarudia mwezi Agosti. Jenifer alitoka nje akasimama kwenye ukungu bila sweta, na Doreen akamfuata. Kiwanda kimekubali kumngoja hadi Septemba, si zaidi.

Jumatatu yake Mama Esnath alitangaza uamuzi: Doreen anabaki, na ndiye atakayewaandaa wanafunzi kwa marudio. Mwalimu alikata rufaa palepale kikaoni. Alikumbusha kwamba kwa kanuni ya staki yeye aliingia kwanza, kwa hiyo hawezi kutoka kabla yetu. Mama Esnath alikuwa amejiandaa. Nasikia alikuwa ameketi na Doreen mchana mzima. Alijibu kwamba kanuni hiyo anaikubali, ila imepungukiwa mstari wa mwisho. Hesabu ikiisha, staki humwagwa yote, hata cha chini.

Wenzangu, ndipo na mimi fundi umeme nilipoelewa. Miaka yote hiyo tulidhani Mwalimu alisahau mstari mmoja wa programu. Hakusahau. Katika programu ya Mwalimu Anyosisye kilichoingia kwanza kilikaa chini na hakikutoka kamwe, na yeye hakuona tatizo lolote katika hilo.

Ila wasifu usiwe wa kumchoma tu, maana wiki iliyopita alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Aliingia maabara wakati Doreen anafundisha wale wa marudio. Aliwahi, kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu yangu. Alikaa nyuma karibu na Jenifer, akasikiliza hadi mwisho, kisha akaomba kibodi. Aliandika ule mstari mwenyewe, kwa kidole kimoja: maadamu staki si tupu, toa. Akaandika A - B * C bila mabano, akabonyeza. Ikatoka A B C, ikatoka nyota ya kuzidisha, na mwisho kabisa ikatoka ile alama ya kutoa, iliyokuwa imeingia ya kwanza na kukaa chini wakati wote. Mwalimu aliitazama kwa muda. Kisha akamgeukia Jenifer akamwambia yale hayakuwa mapambo. Akasema "ndaga", yaani asante kwa Kinyakyusa, akamwita Doreen "mwalimu", akatoka. Jenifer alilia, na mimi niliyekuwa mlangoni nakagua soketi nilikagua soketi ile ile mara nyingi.

Karatasi ya ukutani ameibandua kwa mikono yake. Ukuta pale umebaki na mraba mweupe, na tumekubaliana usipakwe rangi kwanza.

Zawadi ya wafanyakazi, itakayotolewa baada ya chakula, ni koti jipya la kahawia. Mama Esnath amelishona yeye, bila kumpima, kwa sababu anadai amekuwa akimpima kwa macho tangu siku ya kwanza. Kwenye kola upande wa kushoto amedarizi bano la kufungua na upande wa kulia bano la kufunga. Dada Tusekile naye ametoa sahani moja, ile ya alama ya kugawanya, ambayo chaki yake anaapa haijawahi kutoka vizuri. Tafadhali Mwalimu asiirudishe.

Mwalimu Anyosisye, tunakushukuru kwa vijana wengi uliowafundisha kutoogopa kompyuta, hata pale walipopaswa kuiogopa kidogo. Tunakushukuru kwa vicheko, na kwa kidole kile kimoja cha wiki iliyopita. Nenda Lufingo kwa amani, uone migomba yako inavyosimama kwenye baridi bila kuvaa chochote. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na uzee wenye watu.

Ila usilale sana. Marudio ni asubuhi ya Jumatano ya pili ya Agosti, na wanafunzi uliowaacha ndani bado wamo. Njoo na koti lako, ukae dirishani kama zamani, uwaone wakitoka wote.