Mizinga Ishirini ya Bluu

Msicheke kabla sijamaliza. Niliamini, ndugu zangu wa kikundi chetu cha wafuga nyuki, tena kwa moyo wote, kwamba nyuki akiona mzinga wa bluu anadhani ni bwawa, kisha anaita ukoo wake wote wahamie.

Habari hiyo niliipata Manyoni, kwenye foleni ya mashine ya kusaga, kwa mtu ambaye hata mzinga hakuwa nao. Kesho yake nikauza mbuzi wawili wa mke wangu, nikanunua rangi ya kutosha kupaka mbingu kuanzia Itigi hadi Rungwa. Nikapaka mizinga ishirini, ndani na nje.

Mmoja ukaingiwa na nyuki. Mmoja! Nikatangaza kijiji kizima. Sikai, sili, kila asubuhi mbio porini kuutazama uleule. Mingine mitupu? Nikasema rangi haijakolea. Mzee mmoja mrina asali akanionya kwamba harufu ya rangi inafukuza nyuki. Nikampa shikamoo yake, moyoni nikasema huyu ana wivu. Nawaambieni, mimi mwenye cheti cha masomo ya jioni ukutani, nilikuwa natafuta wa kukubaliana nami tu.

Kisha nikamfungua ng'ombe, yule wa maziwa ya watoto, nikamuuze niongeze mizinga arobaini. Mke wangu akasimama mlangoni mwa zizi.

"Baba watoto, unampeleka wapi?"

"Mnadani. Nyuki wanaingia!"

"Wameingia wapi?"

"Si ule wa karibu na korongo!"

"Na mwingine?"

Nikaanza kukohoa.

"Mfunge ng'ombe. Leo tunaizungukia yote, na ya kaka yangu pia."

Tukazunguka. Ishirini yangu: mmoja. Kumi ya shemeji, isiyo na rangi, iliyopakwa nta tu: saba. Jasho likanitoka ndoo mbili.

Namshukuru shemeji aliyenigawia nta, na ninyi wanakikundi mlionipa mizinga mitatu isiyo na rangi nianze upya. Yule mzee nilimwomba radhi. Ng'ombe yupo. Hata sasa nikisikia habari mpya ya biashara miguu inaniwasha, lakini kwanza nawatafuta walioijaribu ikawashinda. Nanyi fanyeni hivyo.

Siku ile porini nilimuuliza mke wangu, "Sasa ule mmoja uliingiwaje?"

Akasema, "Sijui. Labda wangeingia hata bila rangi. Wewe ulikuwa unatazama mmoja, ile kumi na tisa mitupu hukuihesabu."