Mstari Ambao Mhandisi Fawzi Hakuufuta

Marehemu Mhandisi Fawzi Labib Tadros alizaliwa Mallawi, mkoa wa Minya, tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa pili wa fundi cherehani Labib na Bi. Galila. Wiki tatu kabla ya kufariki alimwita Marina, binti wa kaka yake Zakhari, akamwomba aandike wasifu huu na asiache jambo moja: la Ijumaa, tarehe 12 Novemba 1999.

Alisoma Mallawi na Minya, kisha akahitimu uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Iskanderia mwaka 1979. Wenzake wa bwenini walisimulia kwamba alibandika karatasi kwenye kila swichi, ikitaja taa yake, hata pale palipokuwa na swichi moja na taa moja.

Tarehe 22 Julai 1984 alifunga ndoa na Bi. Evon Rizq. Walijaliwa watoto wawili.

Mwaka 1991 aliajiriwa na hospitali moja kubwa ya mji huu wa Iskanderia, akakabidhiwa mashine sitini za kompyuta za mfumo wa Unix na printa kumi na tisa za kutumiwa na wote. Wakati huo kila mashine ilikuwa na orodha yake ya printa. Printa moja ikihamishwa, mtu alizunguka wodi zote kurekebisha. Fawzi aliweka orodha moja tu kwenye mashine kuu, na mashine nyingine ziliichukua upya kila saa. Printa alizipa majina ya samaki wa sokoni Anfushi. Ile ya wodini, iliyotoa majibu ya maabara ya dharura, aliiita Buri.

"Bwana Mhandisi, Buri amekufa!" muuguzi Hikmat alilia siku moja kwenye simu.

"Umemlisha karatasi, dada yangu?"

"Loo! Kumbe ana njaa tu."

"Basi usimzike bado."

Katika orodha hiyo kila printa ilikuwa na mstari wake, wenye jina na lakabu, yaani jina la pili la kuiitia. Alhamisi ile ya Novemba, Fawzi alitakiwa kuongeza printa ya stoo ya dawa. Alinakili mstari wa Buri, akabadilisha jina kuwa Bulti, akauweka juu kabisa, lakini akasahau kufuta lakabu: "maabara", jina ambalo majibu ya dharura yalitumwa kwalo. Mashine husoma orodha kutoka juu na kusimama penye jina la kwanza linalolingana. Kwa hiyo kesho yake majibu yote ya dharura yalichapwa stoo, na Ijumaa stoo hufungwa. Wodini walipouliza, maabara ilisema majibu yameshatumwa; wakaendelea kungoja karatasi. Bi. Insaf, mwenye miaka thelathini na mmoja, aliyekuwa akitokwa damu baada ya kujifungua, alifariki saa tisa alasiri. Majibu yake yalikuwa nyuma ya mlango wa stoo tangu saa tano asubuhi.

Ripoti iliandika "hitilafu ya mashine". Fawzi aliitia saini. Kisha akaondoa lakabu zote, kila printa ikabaki na jina moja. Mstari ule hakuufuta; aliuwekea alama ya kuuzima, mashine zisiusome, na pembeni akaandika jina lake na tarehe.

Mwaka uliofuata alikwenda kwa mume wa marehemu, Bwana Abdel-Ghani, akamweleza ukweli.

"Umeniambia mlangoni, Bwana Mhandisi, tuko wawili," Abdel-Ghani alimjibu. "Ile karatasi yenu ya uongo wameisoma wote. Kaseme mbele ya watu wako."

Kwa miaka ishirini na miwili alishindwa. Alistaafu mwaka 2016. Juni 2021 alirudi hospitalini hapo kama mgonjwa wa ini, na majibu yake aliyachukua kwa mkono wake, yakitoka kwa Buri. Alifariki nyumbani jana, Jumanne tarehe 7 Februari 2023, saa kumi na mbili asubuhi.

"Marina, haya ni mazishi, si mahakama," baba yake, Zakhari, alimkanya jana. "Unataka kumzika baba yako mdogo mara mbili?"

"Shemeji, mimi nimelala na jambo hili miaka yote," Bi. Evon alisema. "Lisomwe."

Marina alimpigia simu Bwana Abdel-Ghani. Aliuliza swali moja: "Litasomwa kwa sauti?" Alipoambiwa ndiyo, alisema, "Nitasimama mlangoni."

Kwa hiyo, kwa sauti ya kufika mlangoni: haikuwa hitilafu ya mashine. Mstari ulikuwa wa Fawzi Labib Tadros. Kosa lilikuwa lake, na Bi. Insaf alikufa kwa kosa hilo.

Marehemu ameacha mjane, Bi. Evon, watoto, Karolos na Mirna, wajukuu watatu, na kaka yake, Zakhari. Bi. Insaf aliacha mume, na binti aitwaye Insaf.

Mungu awapumzishe wote wawili.