Usukani Mpeni Allen

Sikilizeni wanangu, sogeeni kitandani, wewe Fredrick mzaliwa wangu wa kwanza, na wewe Genoveva, na wewe Allen kitinda mimba usijibanze pale mlangoni, maana sauti yangu haifiki mbali tena na nina neno ambalo sitaki kuzikwa nalo.

Nyumba hii ya Kimara ni ya Fredrick na Genoveva, msiiuze. Kihamba chetu cha Machame, lile shamba la ukoo lenye makaburi, ni cha Allen, kama ilivyo desturi yetu kwa mtoto wa mwisho. Fredrick, najua utanuna, kwa sababu ulishasema mbele ya ukoo kwamba aliyemvunja mama wa watu mguu hafai kulinda makaburi ya babu zetu. Siku ile nilikuunga mkono. Nikaongeza na langu, kwamba vijana hawa damu inawachemka, wanashika usukani kabla hawajashika akili, na kwamba utu uzima dawa. Wazee wakaitikia. Naona aibu, wanangu, aibu inaniuma kuliko hili tumbo.

Aliyemgonga mama huyo, Filomena, ni mimi.

Tulikuwa tunatoka sokoni Mabibo na mikungu ya ndizi. Allen aliniomba, "Baba, nipe mie niendeshe," nikamjibu kwamba sijafika pa kubebwa na mtoto. Desemba ilikuwa inakaribia, na nyie mnajua nilivyopenda kuingia uani kwetu Machame nimeshika usukani mwenyewe, wenzangu wakitazama. Mtoto wa jicho alikuwa ameshaniziba jicho la kushoto, nikawaficha nyote, na mficha maradhi kifo humuumbua. Filomena alikuwa anavuka kwenye zebra na beseni lake la vitumbua. Niliona ukungu, halafu nikasikia kishindo.

Allen alinisukuma pembeni akakalia kiti changu. "Wewe ni mzee wa kanisa, baba. Mie kijana, watanizoea." Watu walipokusanyika hakuna hata mmoja aliyeuliza nani alikuwa anaendesha, waliangalia sura yake, wakaangalia mvi zangu, ikaishia hapo. Mahakama ikamfungia leseni. Sasa amerudishiwa, lakini wewe, Genoveva, unawakataza wanao kupanda gari lake, na mimi nimekaa humu ndani nikila chakula anachonipikia Allen, nimenyamaza.

Nipe maji, Genoveva... Basi, yanatosha.

Nikifa msikodi dereva. Mwili wangu aupeleke Allen Machame kwa gari lake, Fredrick ukae mbele pembeni yake, watoto wapande humo humo. Kabla ya kushika barabara ya Moshi, mpite kwa Filomena na jeneza langu, mshuke, mpige magoti, mmwambie ni nani aliyemgonga. Mnanisikia? Msimwache Allen aseme yeye. Fredrick, useme wewe.

Njoo, Allen. Inama, nikutemee mate ya baraka kifuani kama baba yangu alivyonitemea... Mungu akutangulie. Kizazi chako... kisikuonee aibu kama...

Endesha taratibu, Allen mwanangu. Safari hii nitalala nyuma, sitakusemesha.