Nyumba ya Cuthbert

Muziki wa basi dogo la kwenda mji wa Speightstown ulinichezesha meno ya bandia, lakini masikio yangu yalibaki kazini. Bibi Ianthe alikuwa akimlalamikia mwanamke wa kiti cha pili, aliyepakata mafaili ya mahakama: "Nikifa, wanangu walioko ng'ambo Brooklyn watauza nyumba. Cuthbert wangu, mtu mzima asiyejua hata kuwasha jiko, ataenda wapi? Na kitovu chake kimezikwa pale uani!"

"Mahakama haisomi vitovu, mama. Iweke nyumba amana. Mdhamini ataishika kwa ajili ya Cuthbert, na hakuna wa kuiuza."

"Mdhamini nani?"

"Wakili, kwa mfano."

"Wakili atajua kwamba mwanangu halali mpaka aimbiwe?"

"Basi tuandike humo humo kwenye hati ya amana. Wimbo gani?"

Bibi akauimba. Dereva akazima muziki wake. Tulifika kituo cha mwisho Bibi hajamaliza, na naapa hakuna aliyeshuka.