Kisogo Kinaelekea Lango na Kitabaki Hivyo

Ndugu zangu watumishi wa makaburi yote ya manispaa, salamu nyingi. Hamjambo huko mliko? Migongo inaendeleaje? Nauliza migongo kwa sababu najua kazi yetu huanza kuuma hapo. Sisi huku, kwa neema ya Mungu, tunapumua, na katika kazi hii kupumua si jambo dogo.

Ijumaa hii, tarehe thelathini, baada ya miaka thelathini na minane ya utumishi, mchimbaji wetu mkuu anastaafu. Kwenye karatasi za ofisi ana jina lake, lakini ukimwita kwa jina hilo hageuki. Sote tunamwita Fundi Lala. Mimi ninayeshika funguo za lango na kufagia njia ndiye niliyeombwa nimwandikie wasifu huu katika jarida letu. Kalamu yangu si nyepesi kama ufagio wangu, mnivumilie.

Jina la Lala lilitokana na kazi. Hajapata kukabidhi kaburi bila kulilalia kwanza yeye mwenyewe. Anashuka, anajinyoosha chali, anafumba macho. Jiwe likimchoma ubavuni analing'oa. Msimamizi wa zamani aliwahi kumkataza, akasema anajitafutia mkosi. Fundi Lala akamjibu akiwa chini huko huko, "Bosi, wewe ulinunua godoro lako bila kulijaribu?" Msimamizi akaenda zake.

Kingine, hachimbi shimo la mstatili kama wengi wetu. Anachimba kwa umbo la jeneza lenyewe: pana mabegani, jembamba miguuni. Anasema ukuta unashika na mtu anakaa vizuri. Likumbukeni hilo la mabega, nitalirudia.

Mnajua kwetu ndiko wanakozikwa waandishi, upande ule tunaouita Kona ya Kalamu. Na waandishi, Mungu awarehemu, hawazikwi kama watu wengine. Kila mmoja anakuja na masharti yake. Fundi Lala ameyatimiza yote.

Kulikuwa na mshairi aliyetaka ashushwe saa sita mchana, jua likiwa utosini, ili siku hiyo asiwe na kivuli. Juu kulikuwa kunachoma, chini kuna ubaridi mzuri, na Fundi Lala alipolala kujaribu, usingizi ukamwiba. Msafara ukafika. Kwaya ilikuwa ukingoni kabisa alipoinuka akijipangusa udongo na kusema, "Karibuni, karibuni." Jamani! Waimbaji walitawanyika kama kuku, na mpaka leo nina kiatu cha mmoja wao pale kibandani kwangu. Mjane peke yake hakukimbia. Alicheka hadi akashikilia jeneza. "Mume wangu angelipa kiingilio kuona hili," akasema.

Halafu yule mama mtunzi wa michezo ya kuigiza. Alipojua ugonjwa wake haumwachi, alikuja akiwa hai kufanya mazoezi ya mazishi yake. Alikalishwa kwenye kiti pembeni, waigizaji wake wakabeba jeneza tupu, naye akawarudisha langoni tena na tena. "Wewe wa nyuma! Unatembea kama umebeba kabati! Mimi ni kabati?" Yule wa nyuma akafukuzwa ubebaji pale pale. Siku yenyewe ilipofika, kijana wa watu alikuja alfajiri macho mekundu, akamwomba Fundi Lala amruhusu. Fundi Lala alimwambia, "Tembea nikuone." Akamzungusha makaburi yote mpaka hatua zikakaa sawa, kisha akasema, "Sasa kambebe mama yako." Mama huyo aliagiza apigiwe makofi badala ya kuliliwa. Mimi nimelelewa kwa sala, niliona haya kupiga makofi mbele ya kaburi. Nikapiga. Sijajuta.

Sasa nije kwa mwandishi wa riwaya aliyelala karibu kabisa na lango, maana huyo ndiye anayetunyima raha wiki hii.

Wenye umri wangu mnakumbuka: vitabu vyake viliondolewa madarasani, na yeye mwenyewe akaondolewa kazini. Alikuwa akija kwetu mchana kuandika, akiketi juu ya ukingo wa simenti, kwa sababu alisema ni hapa tu ambapo hakuna anayempekua. Kwetu kila marehemu hulazwa miguu ikielekea lango, kana kwamba anawapokea wageni. Siku moja alimwambia Fundi Lala, "Nikifa, hao hao walionifukuza watakuja na maua. Mimi nilaze kichwa langoni. Wakiingia wakute kisogo." Fundi Lala akamuuliza kama anatania. "Natania," akasema. "Lakini fanya. Niahidi." Akaahidi.

Alipofariki, kweli walikuja, tena wengi. Ofisi ikaagiza alazwe kama wengine, kusiwe na vituko mbele ya mgeni rasmi. Fundi Lala hakubisha. Alichimba, akalala, akafumba macho, akatoka. Jeneza lilipoanza kushushwa miguu ikiwa langoni, likakwama mabegani. Wakalipandisha, wakalishusha tena, likakwama. Wingu lilikuwa limeshakuwa jeusi. Mgeni rasmi, hotuba mkononi, akauliza kuna nini hapo. Fundi Lala akavua kofia kwa adabu zote. "Mheshimiwa, kwa kuingilia ni upande ule mwingine."

Wakageuza, kichwa kikawa langoni. Likashuka kama mkono mfukoni. Mvua ikamwagika, hotuba ikalowa bila kusomwa. Binti wa marehemu, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa kando yangu ameng'ata ncha ya mtandio wake asicheke.

Miaka imepita, na sasa wakubwa wamempenda mwandishi wetu. Wanataka kumjengea mnara wa kumbukumbu, mgeni rasmi aje aweke shada na kupigwa picha, na picha haipendezi ukipigwa na kisogo cha mtu. Yule afisa tunayemwita Bwana Mipango alikuja na michoro yake. "Mzee, ni kumgeuza tu, kazi ndogo." Fundi Lala akamtazama. "Mkeo akikugeuza usingizini unafurahi?" Bwana Mipango akasema wakati umebadilika. "Wakati umebadilika, sawa," Fundi Lala akajibu. "Yeye alitishwa akiwa na watoto wa kulisha na hakugeuka. Leo ageuke kwa ajili ya kamera?"

Binti wa marehemu naye amekataa. Akaambiwa kaburi ni la baba yake lakini ardhi ni ya manispaa. Kazi ya kumgeuza imepangwa Jumatatu asubuhi. Angalieni vizuri: Fundi Lala anaondoka Ijumaa, wao wanakuja Jumatatu. Walikuwa wakimngojea aondoke.

Niwaambie ukweli ndugu zangu, nimelipeleka jambo hili kwenye sala. Nilimwuliza Mungu kama ni ukaidi wetu tu. Ila kila nikipita pale na ufagio nawaza hivi: marehemu hana mdomo wa kudai alichoahidiwa, na Mungu anamdaia. Basi nimetulia. Wachimbaji wetu wote wameweka makoleo chini kwa kazi hiyo. Hatutukani mtu, hatupigi mtu. Hatuchimbi.

Tulipomuuliza Fundi Lala anataka zawadi gani ya kuagwa, tukifikiri atasema saa ya ukutani au seti ya makochi, alisema benchi. Benchi refu, la mbao nzito, liwekwe kwenye kaburi lile la langoni. "Kuanzia Jumamosi mimi si mtumishi," akasema, "kwa hiyo hakuna wa kunipa amri. Nitakuwa mgeni tu aliyekuja kumtembelea rafiki yake. Mgeni anafukuzwa saa za kutembelea?" Seremala amelimaliza jana. Fundi Lala akalilalia kwanza, bila shaka, akasema liko sawa.

Fundi Lala, umetulazia watu wetu kama unayemlaza mtoto. Asante kwa kila jiwe uliloling'oa lisimchome mtu. Mungu akupe uzee wenye afya, wajukuu wenye kelele na mgongo usiouma. Pumzika kuanzia Jumanne. Jumatatu tuna kazi.

Na ninyi mnaosoma, neno langu la mwisho. Tumesikia kwamba kwa kuwa sisi tumekataa, ofisi itaazima wachimbaji kutoka makaburi yenu. Huenda gari likafika kwenu Jumamosi. Benchi linachukua watu sita, na tuliopo mpaka sasa ni mimi, Fundi Lala na binti wa marehemu. Tafadhali nijibuni upesi, kabla gari halijafika, niambieni: mtakuja na makoleo, au mtakuja kukaa?