Mama Régine Vahwere, Aliyejifunza Kupiga Video

Wachungaji, wazazi, wandugu na majirani wa mtaa wetu wa Rwambuzi hapa Bunia, mimi ni Kule, mutoto wake wa kwanza, na jamaa imenituma niwasomee maisha ya mama yetu.

Mama Régine Vahwere alizaliwa Butembo tarehe 14 Machi 1968, akasoma primaire na miaka mbili ya sekondari palepale, kisha mwaka 1988 akafika Bunia kwa dada yake mukubwa, akauza vitenge sokoni, ambako wengi walimujua kwa kicheko chake. Tarehe 4 Agosti 1990 alifunga ndoa na baba yetu Blanchard, dereva wa lori kwenye barabara ya Aru, na Mungu akawapa watoto watatu, mimi, Clarisse na Plamedie.

Baba alipofariki mwaka 2016 tulitafuta katika simu zetu zote, tukapata picha nyingi, lakini hakuna mahali tulipoisikia sauti yake, na Plamedie, mudogo wetu, akaanza kuisahau. Kwa huzuni hiyo mama alikwenda kwa Fabrice, mupiga picha wa arusi, akamuomba amufundishe kupiga video na kuzipanga. Mwanzoni alikata watu vichwa kwenye picha, na wazee aliowapiga video walikaa wakavu kama watu walioitwa kwa polisi, mpaka Fabrice alipomuambia: «Mama, usiwaambie waseme. Uwape kazi ya mikono, maneno itakuja yenyewe.» Tangu hapo aliwapiga video wakichambua maharagwe, wakitengeneza kiti, kisha akaketi mbele ya ordinateri, yaani kompyuta, akikata, akiunga, akisikiliza tena, hadi kila mutu akabaki na dakika chache ambazo ni yeye kabisa.

Mwaka 2021 jirani yetu Muzee Honoré, akinoa jembe mbele ya simu ya mama, alilia akimuomba radhi mudogo wake wa Aru, ambaye walikuwa hawasemezani kwa ajili ya shamba la baba yao. Watoto wake walitaka kilio kile kiondolewe, wakisema ni haya. Mama hakubishana nao, alimupelekea muzee mwenyewe video, akamuuliza: «Muzee, nikate hapa?» Akajibu: «Uache vile. Nililia kweli.» Video ikatumwa Aru, na wiki iliyofuata mudogo wake akashuka Bunia, akamukuta angali muzima, wakala meza moja, na Muzee Honoré alipofariki baadaye, siku ya maziko mudogo wake ndiye aliyetangulia kushika jeneza.

Mwaka jana figo zilianza kumusumbua, akatibiwa hapa na Kampala, lakini hata kitandani aliendelea kutazama kazi za Solange na Gracieuse, aliowafundisha, akiwaambia: «Hapa umekimbia. Umuache mutu apumue.» Alituacha Jumanne tarehe 14 Oktoba 2025, saa nne ya asubuhi, Clarisse akimushika mukono.

Tunawashukuru waganga na wauguzi waliomuhangaikia, majirani waliotupikia, wamama wa soko, na Fabrice, aliyemukubali mwanafunzi mwenye umri wa mama yake.

Mama, umechoka na umefanya vizuri, sasa ulale kwa amani ya Bwana.