Bendi Nzima Kafukuzwa na Flashi

Benchi la fundi viatu lina tabia: wa kushoto akiinuka ghafla, wa kulia anakwenda chini. Alasiri hiyo Bendi Nzima alikaa kushoto, amechoka kuliko mtu aliyetoka kazini. Jina alipewa kwa kupiga kinanda baa peke yake, akiimba na kujiitikia, mpaka mpita njia aape humo ndani kuna bendi. Sasa mwenye baa amemwambia apumzike kwanza, na kazi nyingine haijui.

— Mchawi ni televisheni, akasema fundi mwenyewe, wanayemwita Wakili ingawa mahakamani hajafika hata kama shahidi. Macho yakiwa kwenye mpira, masikio yanalala.

— Wapi! Ni chupa, akapinga Dokta, muuza dawa za panya. Wamezipunguza. Zamani bia moja ilimaliza nyimbo tatu. Siku hizi kiitikio hakijafika, mtu kashaondoka. Haba na haba hujaza kibaba!

— Hiyo inahusu nini na bia?

— Inahusu. We fikiri.

Wakili alifikiri, akashindwa, akaanza kukilaumu kinanda.

— Kina ngoma ndani, gitaa ndani, tarumbeta ndani. Siku moja kikajiuliza, huyu mzee hapa wa nini?

Bendi Nzima alicheka kidogo, bila raha.

— Kinanda msikisingizie. Koo lilipoanza kuniuma, mwenye baa akaniomba nirekodi kila kitu, hadi salamu za wateja, kwenye flashi, wateja wasipooze nikiwa kitandani. Nimepona, nakuta flashi haiumwi, haili, haichelewi. Jamani, nimefukuzwa na mimi mwenyewe.

— Dhuluma! Wakili akang'aka. Mtu kama wewe hana mbadala! Sisi wateja wako wa kila Ijumaa tutagoma!

— Tutagoma! akadakia Dokta. Mwenda tezi na omo marejeo ngamani!

Dada mgeni wa saluni ya jirani, aliyekuja kushonesha kiatu akapewa kahawa, akaweka kikombe chini.

— Samahanini, kaka zangu. Hizo Ijumaa alizoumwa, mlikuwepo?

— Tukose tuna nini?

— Nani aligundua hayupo?

Bendi Nzima aligeuka haraka. Swali hilo hakuwahi kujiuliza, na sasa alilitaka jibu lake kuliko hata kazi yenyewe. Akamtazama Wakili. Wakili akainamia kiatu, akatafuta uzi. Akamtazama Dokta.

— Pale nyuma ya spika huwa huonekani vizuri, Dokta akasema polepole. Uliposema "karibu Dokta," mimi niliinua glasi.